Mahafali ya chekechea na wimbo wa R. Kelly: tuupige au tuuache?

Mwl_Buhongwa

Habari zenu wakuu. Nalileta hapa kwa sababu kikao cha kamati ya mahafali kimeisha watu wakiwa wamenuniana, na mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kuja na pendekezo.

Nafundisha darasa la awali kwenye shule moja ya binafsi hapa Mwanza. Kila mwaka kabla ya kufunga tunawafanyia watoto mahafali. Wengi mnayajua: majoho ya kukodi yanaburuza chini, kofia zimebanwa kwa pini za nywele zisidondoke, na lazima apatikane mtoto mmoja wa kuangua kilio katikati ya ukumbi akishamwona mama yake. Wanaingia wawili wawili wameshikana mikono, na wimbo wa kuingilia ni uleule miaka yote, I Believe I Can Fly wa R. Kelly. Hakuna aliyeuchagua. Niliukuta kwenye flashi ya shule, na mwalimu aliyenipokea naye aliukuta. Mazoezi yanaanza Oktoba. Kiingereza chenyewe bado, wanaimba "ai bilivi ai keni flai", na hesabu yetu ni kwamba kwaya ikiingia kule mwishoni, mstari wa nyuma uwe umeshapanda jukwaani. Ikienda sawasawa wazazi wanalia. Na mimi nalia, sioni haya kusema.

Safari hii mama mmoja, mweka hazina wa kamati, mtu asiyependa makuu, akanyoosha mkono akauliza: "Huyu mwimbaji si ndiye aliyefungwa kwa kuwaharibu watoto wa watu? Sasa sisi tunawaingizaje wetu ukumbini kwa wimbo wake?"

Kimya. Halafu wote wakaongea kwa mpigo. Mkuu wa shule akasema hayo ni mambo ya Marekani, yasituvurugie ratiba. Baba mmoja akasema wimbo haujambaka mtu. Mwingine, na huyu ndiye aliyechekesha, akasema mbona sato tunakula bila kumuuliza mvuvi kama huwa anampiga mkewe.

Nilipofika nyumbani nikakaa nikaisoma kesi yenyewe, maana pale kikaoni kila mtu alikuwa na R. Kelly wake. Kwa kifupi: Septemba 2021 mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, New York, ilimtia hatiani kwa kuendesha mtandao wa kihalifu wa kuwanyonya wasichana kingono, baadhi yao wakiwa chini ya miaka 18. Juni 2022 akapewa miaka 30. Mwaka huohuo mahakama ya Chicago, mji wake wa nyumbani, nayo ikamkuta na hatia ya picha za ngono za watoto na ya kuwarubuni watoto. Februari 2023 akapewa miaka mingine 20, ambayo karibu yote inakwenda sambamba na ile ya kwanza. Kwa hiyo huu sio umbea wa mitandaoni.

Sasa tatizo langu. Niliuweka tena ule wimbo nikiwa nayajua yote hayo, nikitegemea utanichefua. Haukunichefua. Ulitoka 1996 kwa ajili ya filamu ya Michael Jordan na katuni, ukachukua Grammy tatu mwaka 1998, na masikio yangu hayajapata taarifa ya hukumu.

Halafu kuna hili la kwetu. Mnakumbuka Novemba 2018 BASATA, baraza la sanaa la taifa, waliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa maneno machafu, na walipoupiga jukwaani hapahapa mjini mwezi uliofuata wakafungiwa wenyewe kufanya maonyesho kwa muda. Sina ugomvi na hilo, nisingeupiga mbele ya watoto wangu wa awali. Ila tazameni tulivyo: wimbo wenye jina la mji wetu ulifungiwa kwa sababu ya maneno, na wimbo wa mtu aliyehukumiwa kwa makosa dhidi ya watoto unawaingiza watoto ukumbini kwa sababu maneno yake ni masafi. Tunakagua mdomo wa wimbo, mikono ya mwimbaji hatuikagui.

Kwa hiyo naomba mnijibu. Mtu akiwa mwovu, kazi yake inashuka thamani? Na kama haishuki, kuna mahali haifai kupigwa hata ikiwa nzuri? Msiniambie Mungu ndiye hakimu, hilo limeshasemwa kikaoni na halikutusaidia kupanga ratiba.

---

Dj_Mabatini

Mwalimu shikamoo, walimu mnaamkiwa hata mkiwa wadogo.

Mimi ni mtu wa shughuli. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali, msiba ukitaka spika naleta. Kwenye laptop yangu kuna folda imeandikwa MAHAFALI na wimbo wako ndio wa kwanza. Siupigi kwa mapenzi na jamaa. Naupiga kwa sababu MC akisema "sasa tuwapokee wahitimu" na mimi nikaweka kitu kingine, watu wanageuka kuniangalia mimi badala ya watoto. Hukumu ilipotoka 2021 nilikuwa kazini kama kawaida, na hakuna mteja hata mmoja aliyenipigia simu kusema usimpige huyo. Kwenye harusi ndiyo usiseme. Step in the Name of Love bado inaingiza maharusi, na wasimamizi wanaifanyia mazoezi wiki nzima.

Thamani ya wimbo kwangu mimi ni watu wangapi wameinuka kwenye viti. Nikianza kupekua tabia za wasanii, nitabaki na nyimbo za kwaya, na wanakwaya wenyewe nawajua, nimewapigia muziki.

Halafu tuwe wakweli, hata wenye mitambo mikubwa wameshindwa. Spotify Mei 2018 walimtoa kwenye orodha zao, wiki chache mbele wakaiacha ile sera baada ya kelele. YouTube wakafunga chaneli zake rasmi Oktoba 2021, lakini ukitafuta nyimbo unazipata, watu wengine wamezipandisha. Sasa mimi wa Mabatini ndiye nizuie?

Na kwa wale wa "usimpe hela": mwaka 2023 jaji wa New York aliamuru zaidi ya dola laki tano za mirabaha yake zichukuliwe zilipe waathirika na faini. Kwa hiyo siku hizi ukimsikiliza unaweza kusema unawachangia waathirika.

---

Mwl_Buhongwa

Kaka, hiyo ya mwisho umenichekesha, ila flashi yako na flashi ya shule haziwachangii waathirika hata senti. Wala yeye. Kwa upande wa hela tuko salama kabisa, ndiyo maana sikuuliza habari za hela. Ningekuwa nauliza kuhusu hela ningejibiwa siku nyingi.

Lakini hilo la MC nimelielewa. Ni kweli ukiubadilisha watu watageuka.

---

Jirani_wa_Umoja

Niko Nairobi, nimepita tu nikaona uzi mtamu.

Sisi huku tulishafanya hii mtihani mwaka wa 2016. Mwezi wa Julai Koffi Olomide ameshuka uwanja wa ndege wa JKIA na kundi lake, kamera zikamnasa akimrushia teke mmoja wa wacheza densi wake. Video ikazunguka mchana wote. Polisi wakamchukua, kesho yake akarudishwa kwao, shoo ikafutwa. Mimi nilikuwa kwa wale waliopiga kelele. Niliapa.

Novemba 2020 akatoa Waah! na Diamond. Hapo Ufaransa kesi yake na wacheza densi wake wa zamani ilikuwa bado iko kwa rufaa. Desemba 2021 mahakama ya Versailles ikamfutia makosa ya kingono lakini ikampa miezi kumi na nane ya kifungo cha nje kwa kuwafungia ndani wasichana wanne, wale wale waliokuwa wanacheza nyuma yake. Sasa niulize kama nilicheza Waah! Nilicheza, na mke wangu alicheza, na landilodi alikuja kulalamika akakaa.

Kwa hivyo habari ya kutenganisha msanii na kazi yake mimi siisomi kwa vitabu. Inatengana yenyewe besi ikianza. Shida ni ikiisha, ukikaa chini, unakumbuka kwamba ile densi unaiga ilifundishwa na wale wasichana. Hapo sijui nikwambie nini mwalimu.

---

Mzee_wa_Dansi

Vijana hamjambo. Nimesoma yote.

Mimi ni wa zama za muziki wa bendi, na kwenye bendi hili swali lina mguu wa tano ambao hamjauona. Mnasema "wimbo wa R. Kelly", sawa, huyo anaandika mwenyewe, anatengeneza mwenyewe, anaimba mwenyewe. Lakini ukisema wimbo wa Maquis au wa OK Jazz, wa nani? Kuna mwenye solo, mwenye rhythm, besi, tumba, watu wanne wa matarumbeta, waimbaji, na fundi mitambo wa Radio Tanzania aliyerekodi na hakuwahi kutajwa. Mmoja wao akiharibikiwa, tunawazika wote naye? Hata huyo R. Kelly, mwaka 2010 aliwaita vijana wa Afrika Chicago wakarekodi wimbo kwa jina la One8. Alikuwemo Ali Kiba wetu, Amani wa Kenya, 2Face, Fally Ipupa, Navio wa Uganda na wengine. Walikwenda kufanya kazi, tena wakati huo jamaa alikuwa ameachiwa na mahakama. Tuwafutie na wao?

Na hapo kwenye mahakama ndipo nilipotaka kufika. Mwalimu ameanza kuhesabu uovu Septemba 2021. Mbona huyu alishtakiwa Chicago mwaka 2002, na Juni 2008 akaonekana hana hatia? Kwa hiyo wimbo ulikuwa na thamani gani kati ya 2002 na 2008, na gani 2008 hadi 2021? Ukiifunga thamani ya sanaa kwenye hukumu, utakuwa unaibandika na kuibandua kila jaji akigonga nyundo.

Sisi Watanzania tumeyapitia. Nguza Viking, Babu Seya, mpiga solo niliyekuwa nasimama chini ya jukwaa kumwangalia vidole. Juni 2004 mahakama ya Kisutu ikamhukumu maisha, yeye na wanawe watatu, kwa kubaka watoto. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanawe wawili, akabaki yeye na Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe, watu wakashangilia mitaani. Machi 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kuna haki zao zilikiukwa katika kesi ile. Sitaki kuifungua kesi hapa. Nasema tu kwamba katika miaka yote hiyo kumi na tatu lile gitaa kwenye kanda zangu halikubadilika hata nukta. Tulibadilika sisi. Kuna wenzangu waliozitupa kanda 2004 wakaja kuniazima 2017.

Franco wa OK Jazz naye serikali ya Mobutu ilimweka ndani 1978 kwa nyimbo chafu. Mtu huyohuyo 1987 akatoa wimbo wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI, mrefu kama hotuba, na bara zima likasikiliza. Ungemfungia moja kwa moja ungeukosa.

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu: kazi ihukumiwe kama kazi, mtu ahukumiwe kama mtu. Ukumbi wako ni jambo lingine, hilo mjadili wazazi.

---

Kichwa_Ngumu

Leteni matarumbeta muishe. Uzi ufungwe.

---

Mama_wa_Kihesa

Shikamoo Mzee wa Dansi. Kwa Babu Seya sitii neno, mahakama zimesema na Rais alisema. Lakini kwa R. Kelly umetuacha njiani kidogo, naomba nikurudishe.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nafanya kazi na watoto. Sijui muziki kama wewe, ila nimesoma kesi nyingi.

Unasema kazi ihukumiwe kama kazi. Hilo naliweza kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa huku na kosa lake kule. Kuna mchoraji wa Italia, Caravaggio, Mei 1606 alimuua mtu kwa upanga mjini Roma akakimbia, akafa 1610 akiwa bado hajarudi. Picha zake za Mtakatifu Mathayo ziko kanisani Roma mpaka leo na watu wanasali chini yake. Sawa. Brashi haikushika upanga. Wala aliyeuawa hakuvutwa pale kwa uzuri wa picha.

Huyu wetu ni tofauti. Mtandao ambao mahakama ya Brooklyn iliuona ni wa mameneja, walinzi na wasaidizi wa kazi ya muziki, walewale waliokuwa wanaandaa maonyesho ndio waliokuwa wanamletea wasichana. Wasichana walikuja kwa sababu ya nyimbo. Wengine waliambiwa watasaidiwa kuimba. Na kuna Aaliyah. Mwaka 1994 R. Kelly alimtungia na kumtengenezea albamu yake ya kwanza, na jina la albamu, lililoandikwa mbele kabisa juu ya picha ya mtoto wa miaka 15 huku yeye mwenyewe akionekana nyuma, lilikuwa linasema umri ni namba tu. Mwaka huohuo akamwoa kwa hati iliyodanganya kwamba ana miaka 18. Ndoa ikafutwa mwaka uliofuata. Rushwa ya kupata kile kitambulisho ilikuwa sehemu ya mashtaka ya 2021, miaka ishirini baada ya Aaliyah kufa kwa ajali ya ndege. Sasa Mzee wangu, hapo nitoe kazi wapi nimwache mtu wapi? Aliandika kosa lake kwenye jalada, tukanunua.

Na ile miaka sita ya 2002 hadi 2008 uliyoitaja. Hata miaka hiyo aliendelea kupanda. Ignition, Step in the Name of Love, zote zimetoka mashtaka yakiwa mezani. Mtoto wa Chicago mwenye la kusema angemwambia nani, na dunia nzima imeinuka kwenye viti, kama anavyosema Dj?

Ngoja niwaambie kitu ninachokiona kazini, bila kumtaja mtu. Mtoto akiletwa kwetu, wa kwanza kumtetea mtuhumiwa huwa ni kipaji chake. "Huyu? Haiwezekani, ndiye anayefundisha kwaya." "Huyu ndiye aliyeipandisha timu." Watu hawasemi hivyo kwa ubaya. Wanapenda kile anachokifanya, na kupenda kule kunageuka ukuta, mtoto yuko upande wa pili. Sijawahi kuona mtu akitetewa kwa kuwa hana kipaji.

Kuhusu ukumbi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba hapa Tanzania karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana kama 1 kati ya 7. Wale sasa ni wazazi. Wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri mtoto wao aingie na joho. Mwalimu, huhitaji kujua ni nani. Wewe hesabu viti.

Nyumbani kwako sikiliza unachotaka, sitakuja kupekua simu. Mahafali ni pale ambapo shule inasema mbele ya watu: hawa ni watoto na sisi ndio tunaowalinda. Hapo ndipo mnataka hiyo sauti?

---

Dj_Mabatini

Mama, mimi sina la kujibu kwa hilo la kipaji, umenigusa. Lakini bado nauliza, mtoto wa miaka sita anajua nini kuhusu Brooklyn? Yeye anajua anapaa. Ukimnyang'anya wimbo alioufanyia mazoezi tangu Oktoba, umemlinda na nini?

---

Mama_wa_Kihesa

Huyo wa miaka sita sijamtaja kabisa kaka. Yeye mpe wimbo wowote wenye mdundo atapaa. Nimewataja waliokaa.

---

Mwl_Buhongwa

Nimerudi. Asanteni wote, na Mzee wa Dansi shikamoo, nimechelewa kukuamkia.

Nimeyapima haya kwa siku kadhaa na nimeona kumbe nilikuwa nauliza maswali mawili kama moja. Kwenye thamani niko na Mzee. Wimbo ni mzuri, ulikuwa mzuri 1996 na ni mzuri leo, na mtu akiniambia aliposikia hukumu ghafla akaanza kuusikia vibaya sitambishia, ila mimi sijafika huko. Uko kwenye simu yangu, sijaufuta, na huwa nausikiliza nikipika. Lakini sasa nausikiliza nikijua mlango ulikuwa wapi, kama alivyoeleza Mama wa Kihesa, na huo uzuri ndio unaonisumbua zaidi. Ungekuwa wimbo mbovu hakuna msichana angesogea.

Yule baba wa sato nimempata jibu lake pia. Sato akishakaangwa mvuvi hayumo tena. Sauti ya mtu imo.

Kwa hiyo kwa ukumbi niko na mweka hazina. Nimeandika pendekezo, ukurasa mmoja, na sikuweka neno la kuhukumu muziki. Nimeandika kwamba shule haiwezi kumfundisha mtoto Jumatatu kwamba mwili wake ni wake na akiguswa aseme, halafu Jumamosi ikamwingiza ukumbini kwa sauti ya mtu aliyefungwa kwa kutowasikiliza waliosema hapana. Mkuu wa shule alilisoma mbele yangu akivua na kuvaa miwani. Akasema, "Sawa, lakini nipe mbadala, sio falsafa."

Mbadala nimejaribu. Tuna ngoma mbili stoo, za kikundi cha utamaduni cha darasa la sita, na mzee mmoja jirani wa shule anayejua kupiga bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe. Juzi mchana alikuja, tukawapanga watoto uwanjani bila majoho. Mdundo wa kwanza ulipolia mstari ulivunjika wote, kila mtu anacheza kivyake, wawili wakaenda kuchukua majembe ya bustani kwa sababu wamewaona wakubwa wakicheza nayo. Tumepoteza robo saa kuyatafuta majembe. Ila mara ya tatu walitembea. Hawakupaa, walitembea kwa vishindo, vumbi likapanda, na yule mtoto ambaye nilikuwa na uhakika ndiye atakayelia mwaka huu alikuwa mbele kabisa.

Mkuu hajaridhika. Anasema itafanana na Nanenane. Baba wa kamati anayetoa mchango mkubwa kuliko wote anasema amelipia ada ya shule ya Kiingereza, sio ya ngoma, na huyo nadhani hata ungemwekea R. Kelly akiwa huru angekuwa na lake. Kikao ni Ijumaa, watapiga kura. Wakiurudisha wimbo nitafanya kazi yangu nyingine yote siku hiyo, ila kuwapanga mlangoni na kuwahesabia wimbo uanze, hiyo atafanya mwalimu mwingine. Nimeshamwambia mkuu, amenuna, tutapatana.

Na bado wakiwa wamepanga foleni ya kunawa mikono wanaimba "ai bilivi". Siwakatazi.

Dj_Mabatini, njoo inboksi na bei ya spika mbili, maiki mbili na jenereta, bila muziki. Na usinipigie bei ya harusi.